Mistari Mitatu Juu ya Tairi

Kazi yangu ilikuwa kushuka milima. Kupanda hakukuhesabiwa kuwa kazi; kupanda kulikuwa jambo langu mimi na magoti yangu. Kwa miaka mingi, kila aina mpya ya tairi la baiskeli ya milimani ilipoingia dukani kwetu Kolwezi, niliifunga kwenye gurudumu, nikasukuma baiskeli hadi juu, nikaketi, nikashuka. Nikifika chini meno yote yakiwa bado mdomoni, tairi liliuzwa. Ninyi mnaobaki dukani mmeniomba niwaandikie jinsi kazi hiyo inavyofanywa. Ni heshima kubwa kuombwa hekima na watu ambao juzi tu walifunga tairi mshale wake wa mwelekeo ukitazama nyuma, kisha wakamwambia mteja kwamba ni mtindo mpya.

Naitwa Kabeya. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba, baba yangu akawa karani mwenye kalamu mbili mfukoni, na mimi nikawa mtu wa kuanguka na baiskeli. Mnaona wenyewe jinsi ukoo wetu ulivyopanda ngazi. Marehemu mama yangu alipoulizwa na wenzake wa kwaya mwanawe anafanya kazi gani, alijibu kwamba niko "mu kontrole ya kalite," yaani ukaguzi wa ubora, na hakuna aliyethubutu kuuliza zaidi.

Nilianza pale kama muuzaji wa kengele na spoki. Mwenye duka, Mama Ngoie, mnamjua: mama wa kaskazini mwa Katanga, Mprotestanti ambaye hajawahi kuchelewa ibada wala kusamehe bidhaa mbovu. Siku zile baiskeli kuukuu za milimani zilikuwa zimeanza kuingia kwa wingi kutoka Ulaya, zile za magurudumu ya inchi ishirini na sita. Wabeba makaa walizipenda kwa sababu fremu zake hubeba magunia matano bila kulalamika. Zilihitaji matairi, na Mama Ngoie akaagiza shehena ya kwanza. Kila tairi lilikuja na karatasi yenye picha ya mlima uliofunikwa na theluji. Tukasema, ikiwa yanaweza theluji, vumbi letu litakuwa nini? Tukayauza yote kwa siku chache, tukajipongeza.

Wiki iliyofuata yakaanza kurudi, yamepasuka ubavuni. Waliokuwa wameyanunua hawakuja kupiga kelele. Waliyapanga tu mbele ya mlango, moja juu ya jingine, mpaka Mama Ngoie alipotoka kanisani Jumapili akashindwa kuingia dukani kwake mwenyewe. Aliutazama ule mnara kwa muda, Biblia ikiwa kwapani, kisha akaniita.

"Kabeya, unajua kutembeza kinga?" Kinga, kwa sisi wa huku, ni baiskeli.

"Ndiyo, Mama."

"Bon. Kuanza kesho, hakuna pine ya kuuzisha hapa kama we hauyaanguka nayo kwanza."

Ndivyo nilivyopata kazi ya kupima matairi, ambayo huku tunayaita pine. Sikufanyiwa mtihani wala usaili. Nadhani nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa mwembamba kuliko wote, na mtu mwembamba akianguka haharibu sana baiskeli.

Aliyenifundisha ni Tata Mukalay, fundi wa duka, mzee mfupi wa maneno machache. Vifaa vyake vilikuwa pampu ya mguu, vijiko viwili vya bati alivyovikata vichwa ili avitumie kung'olea tairi, beseni la maji la kutafutia tundu, na kidole gumba cha mkono wa kulia. Alibonyeza tairi kwa kidole hicho akasema, "Hii inaomba tena upepo kidogo," na hakukosea. Wakati fulani alitujia mjumbe wa wale waliotuuzia matairi, kijana mwenye kofia ngumu ya baiskeli na vikinga magoti, akaleta kipimo cha upepo chenye namba zinazowaka. Mukalay alibonyeza tairi akasema linatosha. Mjumbe akapima, akasema linatosha. Tofauti yao ni kwamba kidole hakikuhitaji betri.

Mzee alinifundisha kukunja ubavu wa tairi na kutazama kama mpira unafanya nyufa ndogo. Alinifundisha kulikwaruza kwa ukucha na kulinusa, kwa maana mpira uliochanganywa na takataka hunuka kama sufuria iliyoungua. Alinifundisha kupitisha kitambaa ndani yake ili kunasa uzi wa waya uliochomoza, kabla haujatoboa mpira wa ndani. "Pine inasemaka yote," alikuwa akiniambia. "Shida ni batu ba mu magazini, habasikilize." Mimi nilikuwa mtu wa magazini, yaani wa dukani, kwa hiyo nilitikisa kichwa kukubali na sikusikiliza.

Tulichagua miteremko mitatu. Wa kwanza ni ule wa karibu na Mutoshi, kwenye kilima cha mawe ambayo mgodi wa zamani uliyatupa. Mawe yake yana ncha na hukimbia chini ya gurudumu, na pale ndipo ubavu wa tairi unaposema ukweli. Wa pili uko kwenye njia iendayo Musumba. Msishtuke, sikuwahi kufika Musumba kwa baiskeli. Ningekuwa bado niko njiani hadi leo. Ni mteremko wa kwanza mkubwa ukitoka mjini, udongo mwekundu mtupu, kiangazi mgumu na wenye mifereji, wakati wa mvua laini kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni. Wa tatu uko Tenke, njia ya miguu inayoshuka kando ya tuta la reli, na kokoto kubwa za reli zimemwagika humo. Huko nilipelekwa na lori la duka, baiskeli juu ya mifuko ya saruji na mimi juu ya baiskeli.

Kila mteremko tairi lilioupita ulilipatia mstari mmoja wa rangi nyeupe ubavuni. Mistari mitatu ilikuwa na maana kwamba Kabeya ameshuka kote na bado anajilisha mwenyewe. Mjini watu walizoea. Walikuja dukani wakiomba "pine ya mistari tatu" bila hata kuuliza jina la kiwanda, na kuna watu waliosoma mpaka chuo kikuu ambao sahihi zao hazijawahi kuaminiwa hivyo. Nikaanza kutembea taratibu zaidi barabarani, ili wanaonijua wapate muda wa kunisalimia.

Sasa niwape yale mliyoyataka, kabla hamjachoka. Tairi lenye meno madogo yaliyobanana hukimbia vizuri kiangazi, lakini mvua ikinyesha, udongo mwekundu huingia katikati ya meno kama bukari, ule ugali wetu, kati ya vidole, na baada ya mita ishirini una magurudumu mawili ya matope. Tairi lenye meno yaliyoachana hujisafisha lenyewe. Mpira laini hushika jiwe vizuri, lakini kiangazi kimoja kinaumaliza. Mpira mgumu hudumu, ila juu ya mawe ya Mutoshi huteleza hata ukisali. Ukijaza upepo mwingi mno, baiskeli hurukaruka na wewe huchagui tena pa kwenda. Ukijaza kidogo, kokoto za Tenke zinaubana mpira wa ndani kwenye ukingo wa chuma na kuutoboa matundu mawili yanayotazamana. Yote haya niliyaandika katika daftari, kwa mwandiko mzuri. Nilikuwa nikishuka nalo mfukoni mwa shati, pamoja na penseli.

Na baiskeli yenyewe ya kupimia ilikuwa baiskeli ya kujivunia. Mama Ngoie hakutaka kunizika kwa gharama yake, kwa hiyo aliagiza ifungwe breki mbili mpya za mkono, mbele na nyuma, na kila mwezi raba zake zilibadilishwa. Ukigusa tu, inasimama.

Ikafika siku tukapokea aina mbili mpya kwa pamoja. Moja lilikuwa na meno marefu, makubwa, yaliyoachana, tairi la watu wanaoshuka milima kwa starehe huko kwao. Jingine lilikuwa laini katikati, lina ukanda usio na meno kabisa, na vijino vidogo pembeni tu. Hili la pili niliita la kipara. Nilishuka nayo yote mawili kwenye miteremko yote mitatu. La kipara lilifaulu Mutoshi, likaniangusha mara mbili kwenye udongo uliolowa, na Tenke lilinifikisha chini nikiwa nimetangulia mimi. Nikalipatia mstari mmoja, na katika daftari nikaandika kwamba lingemfaa padri mwenye parokia tambarare. Lakini la meno, ndugu zangu, lilishika udongo kama mtoto anayeshika sketi ya mama yake sokoni. Nilirudi kutoka Tenke nikiimba.

"Tata, hii haitelezake hata kidogo," nilimwambia Mukalay.

Alikuwa ameinamia beseni. Alilichukua tairi, akapitisha kiganja juu ya meno yake, mara ya kwanza kwenda na mshale, mara ya pili kinyume chake.

"Na muguu?" akauliza.

"Muguu gani?"

"Muguu yako. Kushuka, uliiweka wapi?"

"Ku pedali, Tata. Ningeiweka wapi?"

Akanitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Kisha akasema "Sawa," akarudi kwenye beseni. Nilidhani uzee umeanza kumfikia. Mwezi uleule alirudi kwao kaskazini kupumzika, mimi nikarithi vijiko, beseni na pampu. Kidole gumba alikwenda nacho.

Nikalipatia tairi la meno mistari mitatu, minene kuliko yote niliyowahi kupaka.

Mteja wa kwanza kulitaka alikuwa Ilunga. Alikuwa mbeba makaa, mtu mrefu na mpole, aliyetoa makaa porini upande wa njia ya Musumba mara tatu kwa wiki. Mkewe na watoto wanne walikula kutokana na zile safari tatu, si kutokana na kitu kingine. Alilishika tairi, akaligeuza.

"Tata Kabeya, hii njo ya muzuri?"

"Ilunga, iko na mistari tatu. Hata ulale juu yake, itakufikisha."

Hayo ni maneno yangu, na sijapata mtu wa kumsingizia. Akachukua mawili, la mbele na la nyuma.

Hapa inanibidi nieleze jambo ambalo kila mtu Kolwezi analijua, hata mtoto wa shule ya chekechea. Baiskeli ya makaa, au makala kama tunavyosema huku, haina breki. Breki za mkono ndizo kitu cha kwanza kinachong'olewa, kwa maana magunia matano yakianza kushuka, waya hukatika na raba huyeyuka siku ya kwanza. Mbeba makaa hukaa juu ya bomba la fremu, kwa sababu nyuma hakuna nafasi. Mguu mmoja huuweka kwenye pedali. Mwingine huuweka juu ya tairi la mbele, nyuma kidogo ya uma unaoshika gurudumu, na kwa unyayo wa ndala huusugua mpira unaozunguka. Hiyo ndiyo breki, freni yetu. Akibonyeza sana anapunguza mwendo, akilegeza anakwenda. Nilipokuwa mdogo nilishuka hivyo mimi mwenyewe, na baba alinichapa kwa ajili ya viatu. Kila asubuhi ya maisha yangu ya kazi niliwaona watu wakiingia mjini namna hiyo. Nilipokuwa nikiwauzia matairi, niliwatazama mpaka kwenye miguu.

Sasa fikirini mguu huo juu ya tairi la meno marefu. Mpira usio na meno hupita chini ya unyayo. Jino halipiti. Jino hukamata ndala, huivuta juu na mbele, na juu na mbele kuna uma wa chuma.

Ilunga alianguka siku ya nne, asubuhi, kwenye ule mteremko wa udongo mwekundu. Wenzake wawili walimbeba, na wengine wawili wakaleta baiskeli dukani. Waliiegemeza kwenye kaunta yangu. Uma ulikuwa umepinda. Katikati ya uma na tairi ilikuwa imebanwa ndala, na mkanda wake ulikuwa umekatika.

Mnataka kujua fundi mzoefu alifanya nini? Fundi mzoefu alilichunguza tairi. Nililizungusha, nikalinusa, nikalikunja ubavu, kisha nikawatangazia watu waliokuwepo kwamba tairi halina kosa: halikupasuka, halikuvimba, halikuteleza. Na nilisema kweli tupu. Halikuteleza hata kidogo. Mmoja wa wale wabeba makaa alinitazama kama mtu anavyomtazama mlevi msibani, akatoka nje, na wenzake wakamfuata. Nilibaki na baiskeli, na ndala. Ndipo nilipokumbuka swali la Mukalay kuhusu mguu. Yule mzee hakuwa amezeeka hata kidogo.

Kesho yake nilikwenda kwa Ilunga na sukari, chumvi na sabuni. Alikuwa amelala kwenye mkeka nje ya nyumba, mguu wa kulia una plasta hadi pajani. Mkewe alikuwa akichambua mboga kando yake na hakunyanyua macho niliposalimia.

"Tata Kabeya, umekuya," alisema Ilunga. "Pine iko muzima?"

"Iko muzima."

"Nilijua. Ya mistari tatu."

Hakuwa akinikejeli. Ilunga hajui kukejeli, na siku ile ningetoa chochote awe anajua, maana kejeli ningeijibu.

"Mi nilitaka kuuliza kitu moya tu," akaendelea. "Ile siku ulishuka nayo, ulikuwa na mifuko ngapi ya makala?"

Nilitazama chini. "Sikukuwa na mifuko."

"Na freni?"

"Freni mbili. Za mupya."

"Basi, ulipima kitu ingine," akasema, kwa upole uleule, kama mtu anayemwelekeza mgeni aliyepotea njia.

Ndipo mkewe akanyanyua macho. "Doktere anasema miezi tatu, labda ine. Na hata ikipona, anasema muguu itabakia mufupi. Sasa nani atashusha makala, Tata? We?"

Niliweka sukari, chumvi na sabuni kando ya mkeka, nikaaga.

Nilirudi dukani nikamkuta Mama Ngoie akipanga minyororo. Nikamwambia nataka matairi yote ya meno yaondolewe kwenye rafu ya mbele.

"Juu ya nini? Pine haina makosa," akasema.

"Pine haina, Mama. Mistari njo iko na makosa."

"Mistari ni yako."

"Njo maana ninaomba petroli na kitambaa."

Aliendelea kupanga minyororo. Katika zile siku watu walikuwa wakiyagombania matairi yale, na yeye hakuwa mtu wa kutupa bidhaa nzima. Kisha akauliza, "Na kisha kufuta, utafanya nini?"

"Nitapima tena. Nipe makala, mifuko tano. Na bang'ole freni."

"Kabeya, uko na bajukulu."

"Balikuwa na babu mujinga tangu zamani, Mama. Habataona tofauti."

Hakucheka. Lakini makaa aliyaleta.

Kwa siku mbili nilisimama kwenye njia ya Musumba asubuhi, pale wabeba makaa wanapopumzika kabla ya mteremko, na kopo la petroli mkononi. Kila niliyemwona na tairi la meno mbele nilimsimamisha, nikamweleza, nikamfutia mistari. Walicheka sana. "Ona, Tata wa mistari anafuta mistari," walisema, na mmoja akauliza kama kanisani kwetu hiyo ndiyo toba mpya. Nilicheka nao, kwa sababu nilistahili. Wengine walikubali kulihamishia nyuma palepale, na la nyuma likaja mbele. Wengine walikataa, kwa maana mtu akishakuamini mara moja, inachukua muda kumfundisha asikuamini.

Siku ya tatu nikapanda mimi, na nilisukumiwa na watu wawili, kwa maana magunia matano ya makaa hayapandi mlima kwa ajili ya heshima ya mtu. Kule juu nilikaa kwenye bomba la fremu. Daftari nililiacha dukani. Nilikuwa nimevaa ndala ya tairi kuukuu, mguu wangu wa kulia uko juu ya gurudumu la mbele, na ndipo nilipotambua kwamba katika miaka yote ile nilikuwa sijawahi kuogopa kazini. Nilikuwa nikidhani ni ushujaa, kumbe ni zile breki mbili.

La meno nililianzia karibu na chini kabisa, mahali ambapo mteremko ni wa watoto. Sikwenda mita kumi. Niligusa tu, ndala ikavutwa, nikajirusha kando kama mtu anayekimbia nyuki, na baiskeli ikanipita na magunia yake. Nilipoteza ndala na jino moja, hili la mbele mnalolicheka. Kwa sheria yangu mwenyewe, basi, tairi halikupita.

Kisha la kipara, lile la padri. Ule ukanda laini wa katikati ulipita chini ya unyayo wangu kama kisu juu ya jiwe la kunolea, unavuma, na kadiri nilivyobonyeza ndivyo mwendo ulivyopungua. Nilishuka nalo mteremko wote kuanzia juu. Nikashuka tena, na magunia yaleyale. Na ule udhaifu wake kwenye udongo uliolowa, ulioniangusha mara mbili? Niliwauliza wabeba makaa wao wanafanyaje siku ya mvua. Walinitazama kwa huruma. Siku ya mvua, walisema, mtu mwenye akili anashuka kwenye baiskeli na kutembea. Kwa hiyo nusu ya daftari langu ilikuwa imejibu swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuuliza.

Baada ya hapo nilipima upya kwenye miteremko yote mitatu, wiki baada ya wiki, na magunia, bila breki. Jibu ni hili, na ndilo peke yake ninalotaka mlikumbuke: la kipara mbele, pale pa mguu, la meno nyuma, pale pa kushika udongo. Karatasi ya kiwandani inasema kinyume chake, na inasema kweli, kwa mtu mwenye breki na anayeshuka ili afurahi. Mjumbe wa kofia ngumu alipokuja tena akaona jinsi tunavyouza, alisema tunafunga matairi vibaya. Nilimkaribisha achukue magunia matano na ndala, anionyeshe. Alikuwa na safari ya ndege.

Uma wa baiskeli ya Ilunga niliunyoosha mwenyewe, na mbele nikaifunga la kipara. Mdogo wake aliichukua na kuendelea na safari tatu kwa wiki, na ile nyumba ikala. Mguu wa Ilunga ulipona mfupi, kama daktari alivyosema. Alianza kuuza makaa kwa ndoo mbele ya nyumba yake, ameketi, na kila nilipopita alinisalimia vizuri. Lakini dukani hakukanyaga tena. Aliyekuja kununua spea alikuwa mdogo wake, kila mara. Sikumuuliza kwa nini, kwa maana jibu nilikuwa nalo mwenyewe.

Miaka imepita. Mwezi uliopita mliniaga, na Mama Ngoie akasimama akasema maneno mazuri ambayo sehemu yake ilikuwa kweli. Zawadi yenu ilikuwa kofia ngumu ya baiskeli, mpya, yenye mikanda. Nawashukuru. Kumpa mtu kofia ya kujikinga siku anapoacha kushuka milima ni jambo linaloonyesha jinsi mlivyoielewa kazi yangu. Mjukuu wangu anaitumia kuokotea mayai.

Ila kuna kitu kilichotokea siku ile hamkukiona, kwa sababu mlikuwa nyuma mkigawana soda. Ilunga aliingia dukani. Alikuja akichechemea mpaka kwenye rafu ya matairi, akanisalimia, akaanza kutafuta.

"Ni ya mudogo yangu," alisema. "Eko mugonjwa leo."

Nilimsogezea taa. "Hauangalie mistari?"

"Nilishaangaliaka," akajibu.

Akavua ndala ya mguu mzima. Akaweka tairi la kwanza sakafuni, akalikanyaga juu, akalisugua kwa unyayo mtupu, taratibu, mbele na nyuma. Akaliweka kando. Akachukua la pili, la tatu. La nne alilisugua muda mrefu, amefumba macho. Halafu akaliinua na kuligeuza, na upande wa pili kulikuwa na mistari yangu mitatu. Nilikuwa nimeipaka wiki ile, ya mwisho kabisa.

Aliitazama. Kisha akanitazama mimi.

"Hii, ulishuka na mifuko ngapi?"

"Tano."

"Na freni?"

Nilinyanyua mguu wangu wa kulia, nikamwonyesha ndala. Soli yake ilikuwa imeliwa katikati mpaka unyayo wangu unaonekana.

Ilunga aliichunguza ile ndala jinsi Mukalay alivyokuwa akichunguza tairi, bila haraka. Akavaa yake, akalitundika tairi begani mistari ikiwa ndani, akaanza kuondoka. Mlangoni akasimama, akalitoa, akaligeuza mistari ikawa nje, na ndivyo alivyopita nalo sokoni.